Maji Kuwa Meupe Siyo Kuwa Safi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.



Nasoma kemia, na leo nataka tukumbushane amana kupitia maji ya viwanda vya nguo. Si jambo la mbali nasi: hapa Uganda, nguo zimekuwa zikitengenezwa Jinja tangu miaka ya 1950, pale Nile inapotoka ziwani.

Nguo inapotiwa rangi, haishiki rangi yote. Inayobaki huondoka na maji ya kusuuzia. Rangi hizi zimetengenezwa zisichuje kwa jua wala sabuni, ndiyo maana bakteria wa mabwawa ya majitaka hushindwa kuzimaliza. Zikifika mtoni, huizuilia mimea ya majini mwanga.

Njia mojawapo ya kuziondoa ni ozoni, gesi yenye atomi tatu za oksijeni, inayotengenezwa palepale kiwandani kwa umeme wa nguvu kubwa. Ikipulizwa majini, hukata kiungo cha atomi mbili za nitrojeni ambacho ndicho asili ya rangi nyingi za viwandani. Maabara nimeona maji mekundu yakawa meupe kwa dakika chache. Subhanallah!

Lakini mtihani uko hapo. Rangi imeondoka, taka imebaki. Vipande vya ile rangi bado vimo majini, na vingine vyaweza kuwa na sumu. Ukipima uchafu wenyewe, mara nyingi utakuta umepungua kidogo tu. Inabidi maji yapitishwe tena kwa bakteria, ambao sasa wanavimudu vipande hivyo, kisha yapimwe upya.

Wanazuoni wetu waliliona hili. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudi Arabia liliamua kuwa majitaka yakisafishwa hadi kusibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yanafaa kwa tohara. Ama kuyanywa, walisema yaepukwe yakiwa na madhara kwa afya, hata kama ni tohara. Tohara ni jambo moja, usalama ni jingine.

Ndugu zangu, kesho baadhi yetu ndio tutakaosaini vyeti vya maji hayo. Bosi atasema: "Si unaona meupe? Saini." Kodi ya nyumba inakusubiri, na mkaguzi naye atatazama kwa macho tu. Huku chini ya mto, mama anachota maji ya uji wa wanawe. Mtume (S.A.W.) alituonya tusijisaidie haja wanapochota watu maji, itakuwaje anayemwaga sumu isiyoonekana?

Pima kwanza, ndipo usaini. Allah ni Al-Khabir, anakijua kilichomo ndani ya maji na kilichomo ndani ya kifua chako.

Ewe Mola wetu, tujaalie elimu yenye manufaa na utuepushe na khiyana. Amin.

Wabillahi tawfiq.