Uraibu na Uhuru wa Mtu

Maneno ya lugha yetu hutunza kumbukumbu za watu wetu. Zamani, katika miji ya pwani, uraibu lilikuwa neno la ukarimu. Mgeni alipobisha hodi na kukaribishwa, aliandaliwa jani la tambuu, popoo, chokaa na tumbaku, akatafuna huku mazungumzo yakiendelea. Madaktari wametufahamisha kwamba popoo na tumbaku huleta saratani ya kinywa. Kwa hiyo si haki kuisifu mno starehe hiyo. Hata hivyo, uraibu ule ulikuwa na mahali pake na wakati wake, nao uliwakutanisha watu. Siku hizi neno hilo hilo limekuwa jina la utumwa: hali ya mtu asiyeweza kuacha dawa za kulevya ijapokuwa anaona zinamwangamiza.

Swali linalotukabili ni hili: Je, mraibu ni mkosaji anayestahili lawama, au ni mgonjwa anayestahili huruma?

Wako wasemao kwamba hakuna aliyemlazimisha. Alionywa, akaonja kwa hiari yake. Basi na ajitwike mzigo wake. Hoja hii ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kwanza, wahenga walisema kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Mzigo huo haubebwi na mmoja. Pili, heroini, ambayo hutengenezwa kutokana na utomvu wa afyuni, haiingii mwilini na kutoka kama mpita njia. Hufika kwenye ubongo, ikatuliza maumivu na kuleta raha. Ubongo nao hujizoeza, hata kiasi cha jana kisitoshe leo. Mtumiaji akiikosa kwa saa chache hushikwa na arosto: jasho humtoka, viungo humwuma, hutapika na kuhara, na usingizi humkimbia. Hapo hatafuti raha tena, anakimbia mateso. Alianza kwa kuchagua, lakini kila alipochagua, uwezo wake wa kuchagua ulipungua.

Je, uwezo huo hufa kabisa? Yaliyotokea nchini mwetu yanakanusha. Mwezi wa Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni. Dawa hiyo huzuia arosto bila kumlewesha mgonjwa aliyepimiwa kiasi chake barabara. Lakini haikumfuata mtu nyumbani. Ilimpasa aamke, asafiri, afike kliniki na kuinywa mbele ya mhudumu, leo, kesho na keshokutwa. Mtu aliyedhaniwa hana hiari aliionyesha hiari yake kila siku. Kumbe haikufa, ilidhoofika, ikahitaji kushikwa mkono.

Katika miaka ya Ujamaa, neno kasumba, ambalo maana yake ya asili ni afyuni, tulilitumia kutaja fikra za kikoloni zilizomfanya Mwafrika ajidharau. Kumwita kijana “teja” na kumfukuza kama takataka ni kasumba ya namna hiyo hiyo: humfanya aamini kwamba hana utu wa kuurudia.

Hatusemi kwamba lawama zifutwe. Anayeuza sumu hii kwa tamaa ya faida, hali akili yake ni timamu, ana hatia kubwa. Mraibu aliyeiba naye hana budi kuwajibika kwa alichoiba. Lakini kuwajibika ni kazi ya mtu. Tukitaka awajibike, ni lazima kwanza tumhesabu kuwa mtu.

Basi mzazi asimfungie mwanawe chumbani kwa kuogopa aibu ya majirani, na mwalimu asione kwamba kumfukuza mwanafunzi ndiko kumaliza kazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nawe kijana, kumbuka kwamba uhuru wako ni mkubwa kuliko wakati wowote kabla ya kuonja mara ya kwanza; na mwenzako aliyekwisha kuonja, usimnyime mkono wako, kwa maana huenda ndio sehemu ya uhuru wake iliyobaki.