Mtoto Hupona Peke Yake?

Mimi hufundisha Dini ya Kikristo na Kiswahili katika shule ya kutwa huku kusini mwa Wote, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali, ndimi pia mwalimu wa ushauri nasaha. Kwetu hasa ni Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, si mbali na Mulango alikozaliwa John Mbiti mwaka 1931. Huko Mbiti ni kama jirani: kasisi, mwanafalsafa aliyefundisha Makerere, mzee aliyelitia Agano Jipya katika Kikamba kutoka Kigiriki. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alishikilia kwamba mtu hawi mtu akiwa peke yake. Linalompata huwa limeupata ukoo mzima. Nimelifundisha wazo hilo miaka na miaka, wanafunzi wakaliandika kwenye mtihani, wakapata alama zao. Halikuwahi kuninyima usingizi mpaka nilipopewa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mahindi na maharagwe. Kina viti viwili na dirisha la wavu, na hadi leo fukusi hutambaa ukutani. Mtoto asiyetaka kunitazama usoni huwatazama fukusi, nami nawashukuru, maana kazi hiyo wanaifanya vizuri kuniliko. Sasa, mtoto akiketi hapo, mlango umerudishwa, tuko wawili tu: kama Mbiti yuko sahihi, ninamtibu nani? Huzuni yake imebaki nyumbani, imekaa kwenye kigoda jikoni.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyelala darasani kila siku. Mama yake alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, na simu zikakatika. Nilizungumza naye mara kadhaa, akawa ananijibu vizuri, kwa adabu, bila kubadilika chochote. Mwishowe nikamwita susu yake, yaani bibi yake, ajuza aliyetoka upande wa Kathonzweni kwa bodaboda akiwa na leso mbili.

"Mwalimu, mimi sina la kusema," akaniambia kabla hajaketi.

"Kaa tu, susu. Si lazima useme."

Akakaa. Baada ya muda akafungua fundo la leso akatoa simu ndogo ya kubonyeza. "Hii nailalia," akasema. "Isije ikalia nisiisikie." Msichana akageuka akamwangalia. Alikuwa ameamini kwamba susu amemsahau mama, kwa sababu nyumbani hamtaji. Hapo wakalia wote wawili kwa sauti, nikatoka nje nikaenda kusahihisha insha. Mama bado hajapiga simu, lakini yule mtoto halali tena darasani. Ningekuwa nabishana upande wa Mbiti, ningeishia hapa.

Siwezi, kwa sababu nina kesi nyingine, ambayo sitaieleza kwa undani. Katika hiyo, ukoo ndio ulioumiza. Wazee walikwisha kukutana, mbuzi wakatajwa, jambo likasemwa limekwisha, na mtoto akaambiwa anyamaze kwa ajili ya jina la familia. Mghana Kwame Gyekye alimjibu Mbiti kwamba jamii haimmezi mtu mzima mzima. Mtu ana utu na haki zake ambazo ukoo haukumpa na hauwezi kumnyang'anya. Nilipoisoma hoja hiyo chuoni niliiona ya wasomi wanaotafuta ugomvi. Ndani ya stoo ile niliielewa. Mtoto yule alihitaji mlango uliorudishwa, kisha afisa wa watoto na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na kama ningemwita susu ningekuwa nimemrudisha kwa walewale.

Watu wa bodi huniuliza swali lao, nalo si baya: chumba hicho kinasaidia? Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya mradi wa Shamiri, uliowagawa wanafunzi 413 wa sekondari hapa Kenya katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Vijana waliomaliza shule juzijuzi, si wataalamu, waliwaongoza kwa majuma manne. Kundi moja lilizungumzia shukrani, mambo wanayoyathamini, na imani kwamba mtu anaweza kubadilika. Jingine likafundishwa mbinu za kusoma. Yote mawili yalipata nafuu ya huzuni na wasiwasi, la kwanza zaidi. Mwaka huohuo huko London, wanafunzi 329 wa shule 18 walipimwa, na waliopewa ushauri wa ana kwa ana wakapata nafuu, ila ndogo. Wengi huishika ile nafuu ndogo. Mimi hulirudia lile kundi la mbinu za kusoma. Nani aliwaponya? Nadhani ni yule kijana aliyekuja kila juma akajua majina yao.

Wachungaji ninaohudumu nao (mimi ni msomaji wa kanisa) husema tusipime, tuombe. Kweli, tungeyapima maombi kwa mvua, Ukambani hakuna ambaye angepiga magoti tena. Tunaomba kwa sababu Mungu anastahili kuombwa, hata mto ukibaki mchanga. Lakini ushauri si ibada. Mtoto anaweza kuumizwa na mshauri mpumbavu, na kinachoweza kuumiza lazima kihesabiwe.

Shida ni kilichotufanya tuanze kuhesabu. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, hapo Machakos, liliteketea na wavulana 67. Mwaka huohuo fimbo ilipigwa marufuku shuleni. Ushauri nasaha ulikuwapo wizarani tangu 1971, lakini baada ya Kyanguli ndipo kila mtu alipoukumbuka, na ukakumbukwa kama kizima moto. Hata sasa mwalimu mkuu akisema ushauri unafanya kazi, maana yake mara nyingi ni kwamba hakuna aliyegoma muhula huu. Mtoto aliyekufa ganzi hagomi.

Kwa hiyo nina kipimo changu, cha kienyeji. Mwisho wa muhula kila mwanafunzi hupewa karatasi yenye swali moja: ukipatwa na jambo usiku, utamwambia nani? Wengi huandika susu, dada, au rafiki; wachache huniandika mimi. Wanaoandika "hakuna" ndio ninaoanza nao shule ikifunguliwa. Wanaoandika "Mungu" huwaita siku hiyohiyo, kwani nimegundua kwamba aliyemwandika Mungu peke yake mara nyingi alitaka kuandika "hakuna", ila amelelewa vizuri.