Je, Kinachoweza Kukosekana Hakina Kazi?

Kuna hoja ambayo hutolewa kwa sauti ya ushindi, ofisini na hata majumbani: "Mwondoeni tuone kama kutaharibika kitu." Akiondolewa na mambo yakaendelea, hukumu imekwisha pita kwamba hakuwa na kazi. Hoja hiyo ina ndugu yake, nayo ni ya mla rushwa: "Nisipochukua mimi, atachukua mwingine." Ya kwanza humnyima mtu sifa, ya pili humwondolea mtu lawama, lakini zote mbili zimeegemea nguzo moja: kwamba kitu kinachoweza kuzibiwa pengo na kingine si chanzo cha lolote. Nataka kuitikisa nguzo hiyo, na nitaanzia kwa bakteria.

Mwaka 2006 watafiti wa Japani walitangaza kazi ya subira kubwa. Walichukua bakteria Escherichia coli, anayeishi matumboni mwetu, wakaziondoa jeni zake mojamoja, kila jeni katika kizazi chake. Jeni 3,985 ziliondolewa na bakteria akaendelea kuishi, 303 hazikuondoleka. Kwa kipimo cha "mwondoeni tuone", zaidi ya tisa ya kumi ya jeni walizozijaribu ni mzigo tu. Hakuna mwanabiolojia anayekubali hivyo, na sababu zake zinafaa kutazamwa kwa makini.

Sababu mojawapo ni kwamba kazi nyingine zina jeni zaidi ya moja. Ili kutengeneza tairosini, fenilalanini na triptofani, ambazo ni asidi amino tatu za kujengea protini, bakteria huyu huanza kwa hatua moja ileile ya kuunganisha molekuli mbili. Hatua hiyo ina vimeng'enya vitatu, kila kimoja na jeni yake: aroF, aroG na aroH. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga matatu ukiondoa moja chungu humwagika. Vimeng'enya hivi si mafiga. Ondoa kimoja, na katika mazingira ya kawaida chungu kitabaki palepale.

Basi kwa nini vitatu? Cha kwanza huzuiwa na tairosini inapokuwa nyingi, cha pili na fenilalanini, cha tatu na triptofani. Kama kingekuwa kimoja tu, kikizimwa na wingi wa tairosini, seli ingekosa na zile nyingine mbili. Cha tatu, aroH, mchango wake ni mdogo sana siku za kawaida. Lakini mwekee bakteria tairosini na fenilalanini kwa wingi, bila triptofani: wale wawili wamefungwa breki, na huyu mnyonge ndiye anayeiweka njia wazi. Aliyempima siku ya kawaida angemwita wa ziada, na kipimo chake kingekuwa sahihi kwa siku hiyo tu.

Hapa falsafa inaingia. David Lewis, Mmarekani, mwaka 1973 alitetea wazo kwamba kusema A imesababisha B ni kusema, kwa kiini chake, kuwa pasipo A pasingekuwa na B. Wazo hili lina mvuto, na matatizo yake yanajulikana siku nyingi: linayumba pale penye akiba. Kila molekuli iliyoungwa iliungwa na kimeng'enya fulani, si na "mfumo". Kwamba jirani yake angeweza kuiunga hakubadilishi aliyeiunga. Swali la nani amefanya na swali la nini kingetokea asingefanya ni mawili, na majibu yake hayalazimiki kufanana.

Mla rushwa hujibu swali la pili tulipomuuliza la kwanza. Pengine ni kweli kabisa kwamba karani wa dirisha la pili angepokea zile fedha. Hilo linatueleza ubovu wa ofisi. Halituelezi mkono uliopokea ni wa nani. Vivyo hivyo binti anayemwosha mama yake mgonjwa hapungukiwi sifa kwa kuwa ana dada wawili ambao nao wangemwosha.

Nikiri kwamba mfano una mpaka. Kimeng'enya hakichagui, kwa hiyo hakilaumiwi. Nimekopa kwake hoja ya usababishaji, si ya maadili. Tena ziada ya kweli ipo. Susumu Ohno, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya jeni zinazorudufishwa, alieleza kwamba nakala ya pili, ikiwa haina jukumu la kuilinda, mara nyingi huharibika kwa mabadiliko ya nasibu na kunyamaza. Chache hupata kazi mpya. Kwa hiyo anayesema fulani ni wa ziada huenda akawa sahihi. Ila tunayo haki ya kumuuliza alipima siku ngapi, na siku hizo palikuwa na chakula gani sahanini.