Karatasi ni Ahadi

Ichukueni noti mkononi mkaitazame vema. Haipikwi wala haivaliwi. Nguvu yake yote ni neno la yule aliyeitoa. Neno likianguka, karatasi nayo huanguka. Nchi yetu ilifundishwa jambo hili katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918.

Siku zile za utawala wa Wadachi tulitumia rupia. Manowari za Waingereza zilipoifunga pwani, fedha kutoka Ujerumani haikufika tena kama zamani. Basi tangu mwaka 1915 benki ya Wadachi ikatoa noti za dharura, zilizopigwa chapa hapa hapa nchini. Mwaka 1917, majeshi yakiwa porini, noti za mwisho zilipigwa kwa herufi za mpira.

Sisi wa Singida tunayo sababu yetu ya kukumbuka habari hizi. Dhahabu ya Sekenke, katika Iramba, ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 zikafuliwa huko sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliingia Tabora.

Angalieni tofauti. Sarafu ya tembo ilibaki dhahabu, atawale nani. Bali noti iliandikwa kwamba benki itamlipa kila atakayeileta, pasipo kuulizwa yeye ni nani. Ahadi njema kabisa! Lakini mwezi wa Novemba 1918 jeshi la Wadachi liliweka silaha chini, utawala wao ukakoma, nayo ahadi ikabaki mikononi mwa wale walioipokea.

Jirani zetu wa Ugogo hawakusahau miaka ile. Majeshi yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe, mvua ikakosa, ikaja njaa iitwayo Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Mbele ya chungu kitupu, karatasi ni nini?

Mtu atasema, dharura haina mwenyewe. Ni kweli, dharura humsonga mtu. Hata hivyo, mwenye nguvu ndiye aliyechagua kuahidi. Mnyonge hakuchagua kupokea. Ahadi ikivunjika, hasara haimwendei aliyetia sahihi, humwendea aliyesadiki.

Kabla ya kuwalaumu watu wa kale, tufungue sanduku letu wenyewe. Mnunuzi wa alizeti amwandikiaye mkulima kikaratasi na kumwambia, "Njoo kesho," na kesho haifiki, anatoa noti ya namna gani? Mwenye shamba aliyemaliza mavuno na hajamlipa kibarua? Mume aliyeahidi mbele ya altare, na sasa mke hajui ada ya watoto itatoka wapi? Hao wote hawana kiwanda cha chapa, lakini kila siku wanatoa karatasi zisizo na kitu nyuma yake.

Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na Mungu huzisikia. Yeye Mungu alipoweka agano nasi hakutupatia maandishi tu: alimtoa Mwanawe. Ndiyo dhahabu iliyo nyuma ya neno lake.

Basi, ndugu, Jumamosi hii, kabla ya kwenda kuungama, pitia kwanza nyumbani kwa yule unayemwia. Mlipe. Na kama huna, mwambie kweli, mpatane siku, na siku hiyo ikifika uonekane mlangoni pake.