Pamba, Nishati na Israfu

Pamba huanza kutoa gesi joto ingali shambani. Mbolea ya naitrojeni huzalisha oksidi ya naitrasi, ambayo kila kilo yake huipasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Hufuata umeme wa kuchambulia na kusokotea, na mafuta ya kuchemshia maji ya rangi.

Kwa Waislamu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, Mombasa, hapa pana swali la amana, kwani dini imekataza israfu. Leso iliyopauka hufanywa mbeleko, kisha tambara. Mitumba ya soko la Kongowea nayo huongezewa umri. Anayetupa nguo nzima hupoteza nishati yote hiyo, na dhima ni yake.