Wazalisha Nao Walipewa Nyumba

Somo: Kutoka 1:15-21



Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za wanawake wawili, Shifra na Pua, waliokuwa wazalisha wa Waebrania. Farao aliwaamuru kuwaua watoto wanaume mara wanapozaliwa. Lakini wao walimcha Mungu kuliko mfalme, wakawaacha watoto hai. Ushujaa wao tumeuhubiri mara nyingi. Lakini mara nyingi pia twakifunga kitabu kabla ya kufika mwisho wa habari. Mwisho wake ni huu: Mungu aliwapa wazalisha wale nyumba zao wenyewe, yaani jamaa na uzao. Waliopokea watoto wa wengine walipewa nao watoto. Basi Mungu hakuihesabu kazi yao kuwa adui wa uzazi.

Twaandika haya kwa ajili ya mabinti wa sharika zetu walio katika vyuo vya uuguzi. Wako walioolewa, wakachukua mimba kabla ya kumaliza mafunzo yao. Na wako wasioolewa. Wote huijua hofu moja: Je, masomo yangu yamekwisha?

Hofu hiyo ina chanzo cha zamani. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner alifungua huko Kaiserswerth, Ujerumani, nyumba ya mashemasi wanawake, nao wakafundishwa kuwatunza wagonjwa. Florence Nightingale alijifunza huko mwaka 1851, na mwaka 1860 chuo chake kikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Mashemasi wale walikuwa wanawake wasio na waume. Aliyetaka kuolewa aliiacha kazi. Twamshukuru Mungu kwa utumishi wao, maana wagonjwa wengi walipona mikononi mwao. Lakini desturi ya nyumba moja si amri ya Mungu kwa watu wote, wala haikuandikwa ya kuwa mwenye mimba hawezi kujifunza kuuguza.

Hata hivyo, hofu hiyo huzaa siri, na siri hii ina hatari. Wazee wetu walisema, mficha uchi hazai. Tumbo la miezi mitatu hufichika chini ya sare, lakini mtoto aliyemo hafichiki mbele ya hatari za wodi. Mwalimu asiyejua atampanga mwanafunzi wake kumshika mgonjwa penye eksirei, au kutayarisha dawa kali za saratani, au kuinua wagonjwa wazito usiku kucha. Tena mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho huko Australia, alionyesha ya kuwa mama akiugua rubela mwanzoni mwa mimba, mtoto aweza kuzaliwa na macho yaliyoharibika. Chanjo yake, ambayo Tanzania ilianza kuwapa watoto mwaka 2014, haitolewi kwa mwenye mimba. Yapasa kuipata kabla. Mambo hayo yote yana njia ya kuepukwa, ila kwa mtu aliyesema. Na kuna hatari iliyo kubwa zaidi: hofu humpeleka mwingine kwa watu wa kificho watoao mimba, na wako ambao hawakurudi.

Basi, binti yetu, sema mapema. Mwambie mlezi wako chuoni, anza kliniki katika miezi ya kwanza, na ukiona nguvu hazitoshi, omba kwa maandishi kuahirisha masomo. Aondokaye bila neno huufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Aombaye ruhusa huacha jina lake kitabuni. Hajiri alikimbilia jangwani akiwa na mimba, na malaika wa Bwana alipomkuta alimwuliza atokako na aendako. Mungu alimwona. Hata wewe anakuona.

Nawe kijana, uliye baba wa mtoto huyo, tumbo lako halionekani, lakini mbele za Mungu wewe hukufichika. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, alifundisha ya kuwa baba afuaye nepi za mtoto wake kwa imani hufanya kazi impendezayo Mungu, hata kama watu wanamcheka. Mama akiwa zamu ya usiku, wewe ulale na mtoto.

Na sisi washarika, tutafanya nini? Mtume Paulo, katika Wagalatia mlango wa 6, anena habari za mizigo namna mbili: uko mzigo ambao kila mtu hana budi kuuchukua mwenyewe, na iko mizigo tupasayo kuchukuliana. Mtihani ni mzigo wake, hatutamfanyia. Lakini ada ya muhula uliozidi, na kumlea mtoto saa za wodi, ni mizigo yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Mwanafunzi si mfanyakazi; hana likizo hiyo wala mshahara. Atategemea utaratibu wa chuo chake na mikono ya watu wake, nasi tu watu wake.

Wengine watauliza: Je, tukimsaidia asiyeolewa, hatuipi dhambi nguvu? Twajibu: Dhambi na iitwe dhambi, kwa binti na kwa kijana pia, wala si kwa mmoja akatengwa na mwenzake akabaki kwaya. Lakini toba haizaliwi na umaskini, wala mtoto asiyezaliwa bado hana deni la kulipa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia mlango wa kurudi wasichana walioacha shule za msingi na sekondari kwa sababu ya ujauzito. Je, serikali ifungue mlango, nalo kanisa lisimame kizingitini na kuuzuia?

Wazee wa kanisa na akina mama, waulizeni wazazi wa mabinti hao wanahitaji nini, nanyi mwulize kabla ya muhula kufunguliwa, si baada ya binti kurudi nyumbani na sanduku lake. Kwa maana siku moja mtu wa nyumba yetu atalala kitandani hospitalini, naye atahitaji mkono wa mwuguzi. Yamkini mkono huo utakuwa wa yule tuliyemshika asianguke.

Mungu aliyewapa Shifra na Pua kazi na nyumba pia, awajalie mabinti zetu yote mawili. Amina.