Haki ya Bata Bukini Mgonjwa

Mtu hudaiwa nini na ndege aliyemfuga, pindi maradhi yamekwisha kumwondolea ndege huyo kila manufaa, hatagi, halindi ua kwa kelele zake, wala nyama yake haiaminiki kuliwa? Wako wasemao kwamba deni hukoma manufaa yakomapo, na kwamba kumlipia tabibu kiumbe ambaye thamani yake sokoni haifikii ujira wa tabibu ni israfu. Kwa mizani ya biashara hujja hiyo haina kasoro. Walakini Izz al-Din ibn Abd al-Salam, fakihi wa madhehebu ya Shafii aliyefariki Misri mwaka 1262, alipozieleza haki za wanyama juu ya wanadamu, alihukumu kuwa masurufu ya mnyama humlazimu mwenyewe hata akizeeka au akiugua asimfae tena kwa lolote. Na ni insafu, kwani sisi ndio tuliomfungia uani akakosa kujitafutia.

Atasema mwingine: kiumbe asiyenena, maumivu yake tutayajuaje? Mtoto anyonyaye naye haneni, na hakuna mzazi aliyefanya kimya chake kuwa udhuru. Bata bukini, zaidi ya kutonena, huficha ugonjwa wake, maana katika maumbile ndege aonekanaye mnyonge kundini ndiye awindwaye kwanza. Kwa hiyo amfugaye hana budi kuzijua desturi zake angali mzima, ili amtambue mara ajitengapo na wenziwe, mbawa zimemlegea na manyoya yamemsimama. Hapo amshike kwa upole, apapase kidari, na mfupa ukiwa umejitokeza mkali ajue kuwa amekonda tangu siku nyingi. Augeuze wayo, atazame kama pana uvimbe wenye kigaga cheusi. Asikilize pumzi, kwani ahemaye mdomo wazi huenda amevuta ukungu wa majani yaliyooza alimolala, na tiba ya huyo, kabla ya dawa yoyote, huanza kwa kulifagia banda.

Huruma isiyo na ilimu ni hatari. Amiminaye maji kinywani mwa ndege aliyezidiwa, ilhali mlango wa pumzi u nyuma tu ya ulimi, aweza kumzamisha akidhani anamnywesha. Na ampaye vidonge vya binadamu kwa kukisia hajui kama anatibu au anaua. Bora amweke pakavu penye joto, mahali atakapozisikia sauti za wenziwe, kwa kuwa upweke humzidishia unyonge, kisha amwite bwana mifugo. Na ikithibiti kuwa hakuna tiba, kumchinja upesi kwa kisu kikali ni rehema kuliko kumwacha ateseke ili sisi tusihuzunike.

Kufuga ni amana. Asiyekuwa na wasaa wa kumtazama mnyama wake kila siku, na asifuge.